Daftari la Kishikwambi katika Nchi ya Chai: Utangulizi

Mwaka 2002 jarida la sayansi la Nature lilichapisha makala fupi iliyozua mabishano ya karibu miaka kumi. Simon Hay na wenzake walikuwa wamechunguza maeneo manne ya nyanda za juu ambako malaria ilikuwa imerudi kwa nguvu: Kericho hapa kwetu, Kabale nchini Uganda, Gikongoro nchini Rwanda na Muhanga nchini Burundi. Walitaka kujua kama joto limepanda kiasi cha kueleza kurudi kwa ugonjwa, wakahitimisha kwamba halijapanda. Wataalamu wengine wakapinga, hoja ikajibiwa kwa hoja, na jina la Kericho likazunguka katika majarida ya dunia. Mbu na baridi ya asubuhi viko katika vilima vingi vya Afrika Mashariki. Kericho ilikuwa na kitu cha ziada: madaftari. Hospitali za mashamba ya chai zilikuwa na kumbukumbu za wagonjwa wa malaria tangu 1965, na kituo cha hali ya hewa kilikuwa na vipimo vya joto vya kila siku.

Mwaka 2011 Judith Omumbo na wenzake walivirudia vipimo hivyo. Hay alikuwa ametumia makadirio ya ramani, yaani namba zilizopatikana kwa kuunganisha taarifa za vituo vilivyotawanyika na kukisia kilichoko katikati. Omumbo alitumia maandishi ya kituo cha Kericho chenyewe, kuanzia tarehe 1 Januari 1979 hadi 31 Desemba 2009, joto la juu na la chini la kila siku, yakiwa yamekaguliwa ubora wake. Yalionyesha kwamba joto lilikuwa likipanda kwa takribani nyuzi 0.2 za Selsiasi kila muongo. Mtu aliyesoma kipimajoto asubuhi moja ya mwaka 1979 hakuwa akiandika kwa ajili ya mabishano ya 2011. Aliandika tarehe, akaandika namba, akaziweka mahali pale pale pa jana. Miaka 32 baadaye mtu asiyemjua aliweza kuzisoma na kuzielewa.

Nimeanzia hapo kwa makusudi. Msomaji ninayemkaribisha katika taaluma hii huenda ni mwalimu wa Litein aliyekabidhiwa kishikwambi shuleni, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kabianga aliyejinunulia chake, afisa ugani wa Bomet, mhudumu wa afya ya jamii wa Sigor, au mkulima wa Konoin aliyechoka kuhifadhi hesabu ya majani yake katika mfuko wa koti. Swali la kwanza la karibu wote ni moja: nipakue programu gani? Ni swali halali, nami nitalijibu kwa majina. Lakini taaluma yetu hulitanguliza swali jingine: ni nani atakayekitafuta hiki ninachokiandika, atakitafuta baada ya muda gani, na atakipataje? Anayelijibu hilo kwanza huchagua programu haraka na kwa utulivu. Anayeliruka hubadilisha programu kila baada ya miezi michache, na kila anapohama huacha sehemu ya kumbukumbu zake nyuma.

Taaluma yenyewe huitwa usimamizi wa taarifa binafsi, nayo si ngeni kama vifaa vyake. Julai 1945 mhandisi Mmarekani Vannevar Bush aliandika katika jarida la The Atlantic kuhusu mashine ya kubuni aliyoiita Memex, meza ambayo ingehifadhi vitabu, barua na kumbukumbu zote za mtu na kumwezesha kuziunganisha apendavyo. Mwaka 1983 Thomas Malone aliingia katika ofisi za watu na kuuliza swali linaloonekana dogo: mnapangaje meza zenu? Alikuta kwamba kuna wanaoweka karatasi katika mafaili yenye majina na kuna wanaoziacha katika marundo, na kwamba rundo lililo mbele ya macho hufanya kazi ambayo faili ndani ya kabati haliwezi: humkumbusha mwenye meza kwamba kuna jambo halijaisha. Mark Lansdale akaipa taaluma misingi yake ya saikolojia mwaka 1988. Kisha 2011 Steve Whittaker na wenzake wakawafuatilia watumiaji 345 wa barua pepe, wakagundua kwamba waliotumia muda mwingi kupanga barua katika folda hawakuzipata kwa mafanikio makubwa kuliko wale waliotegemea kutafuta kwa maneno.

Matokeo hayo mawili, la Malone na la Whittaker, yanatosha kumwongoza mgeni kwa muda mrefu. Programu nzuri hukumbusha, na programu nzuri hutafuta. Rangi za jalada, michoro ya pembeni, violezo 200 vya kupangia wiki: hivyo vyote vinakuja baadaye sana, na kwa wengi wetu haviji kabisa.

Kuna jambo moja la Afrika Mashariki ambalo vitabu vya Ulaya na Marekani havilitaji. Kwetu sisi kishikwambi kiliingia kama chombo cha kujazia fomu za wengine. Katika Tusome, mpango wa Kenya wa kufundisha kusoma ulioanza mwaka 2015, maafisa wa kusaidia mitaala walipewa vishikwambi vyenye programu ya Tangerine, wakakaa nyuma ya darasa wakipima kasi ya watoto kusoma. Mwaka uliofuata serikali ikaanza kupeleka vifaa vya kidijitali kwa wanafunzi wa darasa la kwanza. Sensa ya Kenya ya usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019 ilifanywa kwa vishikwambi badala ya karatasi, na Tanzania ikafanya hivyo Agosti 2022, kisha vishikwambi vile vikapelekwa kwa walimu. Katika kazi hizo zote maswali yaliandikwa mbali, majibu yalikwenda mbali, na aliyeshika kifaa hakubaki na kitu. Kwa hiyo mwalimu au mhudumu anayefungua kishikwambi chake mwenyewe kwa mara ya kwanza anabadilisha nafasi yake: sasa yeye ndiye mwenye maswali. Naliona badiliko hilo kuwa kubwa kuliko badiliko la kutoka karatasi kwenda kioo, nami ningependa kila anayeingia katika taaluma hii alihisi uzito wake kabla ya kufungua duka la programu.

Basi tupime muda, na hapa nchi ya chai inatusaidia kuliko pengine pote. Mchai una saa zake. Mzunguko wa kuchuma, yale majani mawili na chipukizi, hurudi kila baada ya siku 7 hadi 14 kutegemea mvua. Malipo ya awali ya majani mabichi huja kila mwezi. Bonasi ya wakulima wa KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo, huja mara moja kwa mwaka, kwa kawaida karibu na Oktoba, baada ya hesabu za mwaka unaofungwa mwisho wa Juni. Kupogoa huja kila baada ya miaka mitatu au minne, na shamba lililopogolewa hukaa miezi kama mitatu bila kutoa majani. Halafu kuna umri wa kichaka chenyewe: mashamba makubwa ya Kericho yalianza kupandwa miaka ya 1920, na mchai uliotunzwa huishi kuliko aliyeupanda.

Chukua kila dokezo unalotaka kuandika uliweke katika saa mojawapo. “Mpigie fundi wa pampu kesho” ni la siku moja. Likipotea wiki ijayo hakuna hasara. Kilo za kituo cha kununulia majani ni za mwezi, mpaka zilinganishwe na hati ya malipo, kisha ni za mwaka, mpaka bonasi ieleweke. Tarehe ya kupogoa na ya kuweka mbolea kwenye kila kipande cha shamba ni ya miaka minne. Aina ya mche uliopandwa na mahali ulipotoka ni ya maisha. Wakulima na maafisa wengi huyaweka yote hayo ndani ya programu moja kwa sababu ndiyo iliyokuja na kifaa, na hapo ndipo tatizo linapoanza, kwa kuwa programu zina umri na umri wake mara nyingi ni mfupi kuliko wa kichaka.

Historia ya programu hizo ni fupi lakini inafundisha. Wunderlist ilikuwa programu ya orodha za kazi kutoka Berlin, iliyopendwa na mamilioni ya watu. Microsoft iliinunua mwaka 2015, na tarehe 6 Mei 2020 ikafungwa. Evernote ilifunguliwa kwa umma mwaka 2008 na kwa muda mrefu ilikuwa jina la kwanza kutajwa kila penye mazungumzo ya madokezo. Ilipopata mmiliki mpya, akaunti ya bure ikawekewa kikomo cha madokezo 50 na daftari moja kuanzia Desemba 2023. Notability, inayopendwa na wanafunzi wenye iPad, ilitangaza Novemba 2021 kwamba waliokwisha kuinunua watahamishiwa kwenye malipo ya kila mwaka, ikarudi nyuma baada ya malalamiko. Siwalaumu wenye programu; wana mishahara ya kulipa. Ninachosema ni kwamba mzunguko mmoja wa kupogoa unatosha kabisa kwa programu kubadilisha mmiliki, bei au masharti. Kipimo changu cha kwanza kwa programu yoyote, kwa hiyo, ni mlango wa kutokea: je, naweza kuyatoa maandishi yangu yote, kwa mara moja, katika namna ambayo programu nyingine itayasoma?

Lijaribu hilo siku ya kwanza, kabla hujawa na kitu cha kupoteza. Andika madokezo matatu, moja la maneno, moja lenye picha, moja la kuandika kwa kalamu ya kioo. Kisha tafuta amri ya kuyatoa, uyapeleke kwenye kompyuta ya rafiki au ya saiba, uyafungue. Maneno yakitoka kama maandishi ya kawaida, vizuri sana. Maandishi ya kawaida ya kompyuta, na ndugu yake Markdown aliyebuniwa na John Gruber mwaka 2004, husomwa na kifaa chochote bila kumwomba mtu ruhusa. Mwandiko wa mkono ukitoka kama PDF, unakubalika, ingawa kuanzia hapo ni picha ya kusoma wala si ya kuendelea kuandika. Kikitoka kitu ambacho programu ile ile pekee ndiyo inayokifungua, basi itumie kwa mambo ya wiki na ya mwezi tu, usiipe yale ya miaka minne.

Kipimo cha pili ni utafutaji, na hapa anayeandika Kiswahili ana haki ya kuwa mkali kuliko anayeandika Kiingereza. Programu nyingi zimejengwa kwa lugha ambazo neno hubadilika mkiani. Ukiandika mwanzo wa neno, zinalipata. Vitenzi vyetu hubadilika kichwani. Mwezi Machi umeandika “tulipogoa kipande cha juu”, Juni “nimepogoa ukingoni”, mwaka unaofuata “kilipogolewa”. Ukitafuta “pogo” katika programu inayolinganisha mianzo ya maneno, hupati hata kimoja, nawe utadhani hukuandika. Jaribio lake ni la dakika moja: andika neno “tulipogoa” katika dokezo, kisha tafuta “pogo”. Likijitokeza, programu inatafuta hadi katikati ya neno. Lisipojitokeza, una dawa moja, nayo ni kuweka kwenye mstari wa kwanza wa kila dokezo jina lisilobadilika, daima kwa umbo lile lile: KUPOGOA, MBOLEA, MVUA YA MAWE, BONASI. Wanaochanganya Kiswahili na Kipsigis katika dokezo moja, kama ilivyo kawaida yetu, waichukue dawa hiyo hata kama programu imefaulu jaribio, kwa sababu hakuna utafutaji utakaojua kwamba maneno mawili ya lugha mbili ni jambo moja.

Hapo hapo nishauri kuhusu majina na tarehe, maana ni jambo ambalo nchi ya chai huumia nalo kwa namna ya peke yake. Kituo cha utafiti wa chai cha Kericho huzipa aina zake majina ya namba: TRFK 6/8, inayosifiwa kwa ubora wa chai yake, TRFK 31/8, TRFK 306, ile chai ya zambarau iliyotolewa mwaka 2011. Andika “6/8” kwenye jedwali la Excel au la Google, na uwezekano ni mkubwa kwamba jedwali litaigeuza kuwa tarehe: tarehe 6 Agosti, au Juni 8 kama kifaa kimepangwa kwa mtindo wa Kimarekani. Aina ya mche imepotea, na hakuna onyo lililotolewa. Wanasayansi wa vinasaba waliteswa na jambo hili hili kwa miaka mingi mpaka mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikaamua kubadilisha majina ya baadhi ya jeni ili Excel isiyageuze kuwa miezi. Sisi hatuna haja ya kubadilisha jina la mchai. Andika TRFK mbele kila mara, pasipo kukosa, au iambie safu nzima ya jedwali kwamba ni ya maneno kabla ya kuingiza chochote. Katika majina ya mafaili alama ya mkwaju haikubaliki, kwa hiyo tumia kistari. Na tarehe ziandikwe mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku: 2025-10-14. Huo ni mtindo wa kimataifa tangu 1988, na faida yake kubwa kwako ni kwamba mafaili hujipanga yenyewe kwa mfuatano wa siku.

Suala la kuandika kwa kalamu au kwa vidole huwagawa watu sana. Mwaka 2014 Pam Mueller na Daniel Oppenheimer walichapisha utafiti uliosema kwamba wanafunzi wanaoandika kwa mkono huelewa dhana vizuri kuliko wanaochapa, kwa sababu anayechapa huishia kunakili maneno ya mwalimu jinsi yalivyo. Habari ilienea ulimwenguni, na kampuni za kalamu za kioo ziliipenda. Tafiti zilizorudia jaribio hilo, mwaka 2019 na 2021, hazikuipata tofauti hiyo kwa uthabiti. Hitimisho langu ni la kawaida: chagua unachoweza kukifanya ukiwa umesimama. Mwanafunzi aliyeketi ukumbini anayechora mzunguko wa naitrojeni anahitaji kalamu. Afisa aliyesimama kati ya mistari ya chai mchana, saa ambayo Kericho huletewa mvua yake, hatafaulu kwa kalamu wala kwa kidole, kwa kuwa kioo cha kishikwambi huhisi mabadiliko madogo ya umeme kinapoguswa na matone ya maji huyavuruga. Kwake sauti inafaa. Google iliongeza Kiswahili katika lugha inazozitambua kwa kusemwa Agosti 2017, na dokezo la sentensi mbili lililosemwa chini ya mwavuli lina thamani kuliko ukurasa safi ulioandikwa jioni kwa kukumbuka. Jioni ni ya kurekebisha. Na kama mtandao haupo, rekodi sauti yenyewe, uiandike ufikapo nyumbani.

Nimetaja mvua ya mawe miongoni mwa majina ya kudumu, na nataka kuisemea kidogo. Kericho na Nandi zinajulikana duniani kwa mvua ya mawe, kiasi kwamba mwaka 1982 Russell Schnell na Suan Neo Tan-Schnell walichapisha katika jarida la Tellus hoja kwamba vumbi la majani ya chai yanayooza chini ya vichaka, likipeperushwa hewani, hutoa chembe ambazo barafu huanza kuganda juu yake. Fikiria maana yake kwa daftari la mkulima. Kilo zikishuka Oktoba, sababu inaweza kuwa mbolea iliyochelewa, mchumaji aliyeruka mistari, ukame, au mawe ya wiki tatu nyuma. Hati ya malipo haitakuambia ni ipi. Dokezo la tarehe, saa na kipande cha shamba kilichopigwa litakuambia. Ni dokezo la sekunde 20 linalodumu mzunguko mzima wa kupogoa, nami nalihesabu kuwa dokezo bora kabisa ambalo mkulima wa Kericho anaweza kuliandika kwa kifaa chochote.

Sasa majina niliyoahidi. Kwa mkulima na yeyote anayeanza, Google Keep inatosha kwa mambo ya siku na ya mwezi: haina gharama, hufanya kazi bila intaneti na kujilandanisha mtandao ukirudi. Pamoja nayo weka jedwali moja la kilo na malipo, na folda moja ya picha za risiti. Hizo picha usizidharau. Risiti nyingi za mashine huchapwa kwenye karatasi inayoitikia joto, na maandishi yake hufifia kabla bonasi haijatangazwa. Kwa mwanafunzi mwenye kalamu, programu iliyokuja na kifaa mara nyingi ni bora kuliko ya kununua: Samsung Notes kwa wenye Samsung, Notes ya Apple kwa wenye iPad. OneNote ya Microsoft ni ya bure na hupatikana karibu kila kifaa, jambo linalomfaa anayetumia kishikwambi bwenini na kompyuta maktabani. Kila muhula ukiisha, toa kila somo kama PDF, ulihifadhi nje ya programu. Kwa mwalimu, mtafiti au afisa ugani anayekusudia kuandika kwa miaka, napendekeza Obsidian au Joplin. Ya kwanza huweka kila dokezo kama faili la maandishi ya kawaida ndani ya folda unayoiona. Ya pili ni ya msimbo huria na hutoa maandishi yako yote bila shida. Notion ni nzuri kwa timu, lakini ilijengwa kwa kutegemea mtandao na uwezo wa kuitumia bila intaneti ulikuja mwaka 2025 tu. Anayefanya kazi ndani ya mabonde ya Mau aitathmini kwa ukali.

Kwa kukumbusha, kalenda ni bora kuliko programu yoyote ya kujipangia kazi. Mzunguko wa kuchuma, chanjo ya ng'ombe, mkutano wa bodi ya shule: vyote vinajirudia, na kalenda ni chombo kinachoyafaa sana mambo yanayojirudia. Kalenda zote kubwa hubadilishana taarifa kwa mtindo mmoja uliokubaliwa tangu 1998, kwa hiyo mlango wa kutokea upo.

Na ikiwa unauliza watu wengi maswali yale yale, acha kabisa programu za madokezo. Kazi hiyo ina vyombo vyake, na kimojawapo kina mizizi ya karibu. ODK ilianza mwaka 2008 chini ya Gaetano Borriello wa Chuo Kikuu cha Washington, na miongoni mwa watumiaji wake wa mwanzo walikuwa wahudumu wa AMPATH, mpango wa afya wa magharibi mwa Kenya, waliokwenda nyumba kwa nyumba kupima virusi vya UKIMWI. KoboToolbox, inayojulikana sana katika kazi za misaada, imejengwa juu yake. Vyote viwili hukusanya majibu bila intaneti na kuyatuma baadaye, na vyote vinakuruhusu wewe uandike maswali kwa Kiswahili au Kipsigis.

Hapo tunafika kwenye maandishi yanayomhusu mtu mwingine. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ni ya mwaka 2019, na taarifa za afya ni miongoni mwa zile inazoziita nyeti. Mhudumu wa afya anayeandika katika programu ya kawaida kwamba mama wa nyumba fulani ameacha dawa ameipeleka siri hiyo kwenye kompyuta za kampuni ya mbali, na pengine kwenye simu ya mtoto wake iliyounganishwa na akaunti ile ile. Taarifa za mgonjwa ziandikwe katika mfumo uliotolewa kwa kazi hiyo, basi. Kama unalazimika kujiandikia ukumbusho, tumia namba ya ziara badala ya jina, na uufute mara kazi inapokamilika. Mwalimu afanye vivyo hivyo kwa habari za nyumbani kwa mwanafunzi. Kishikwambi kifungwe kwa namba ya siri hata kama hakitoki nyumbani. Ninalisisitiza hili kwa sababu katika vijiji vyetu watu hujuana, na neno moja lililosomwa na asiyestahili huweza kumfungia mtu kliniki aliyokuwa akienda.

Kwa mwanafunzi wa Kabianga au wa Bomet anayetafuta mada, kazi iko mlangoni. Omba ruhusa kwa wakulima wa kituo kimoja cha kununulia majani uone wanavyohifadhi hesabu zao: madaftari ya shule yenye jedwali la kuzidisha nyuma, risiti zilizochomekwa kwenye msumari, ujumbe wa simu usiofutwa, picha, kumbukumbu ya kichwa ya mama mwenye shamba. Uliza kama alivyouliza Malone, kwamba wanapangaje na kwa nini. Kisha uwaombe watafute tarehe waliyopogoa mara ya mwisho, uangalie inawachukua muda gani, na ni njia gani kati ya hizo iliyowafikisha.